Ruhusa ya Kuharibu Sabuni

Nasema mapema ili tusizungushane: sabuni ile ya watoto niliipika mimi. Tajiri, mwenye kiwanda, alitoa mafuta, serikali ikatoa fedha, lakini aliyesimama motoni ni mimi, mwanangu amelala kapuni mlangoni. Nikisikia mjini watu wakimsifu tajiri peke yake, natamani kuwafuata mmoja mmoja.

Tulikuwa wanawake wachache katika kiwanda kidogo cha sabuni, hapa Malindi. Tulipika sabuni ya kufulia kwa mafuta ya nazi, ile ile miaka nenda miaka rudi. Mwanangu alijaa vipele vya joto shingo nzima, na kila nikimwogesha kwa sabuni yetu alilia mpaka majirani zangu wa Kisumu Ndogo wakaniuliza kama namfinya. Fikiria: natengeneza sabuni nisiyoweza kumwogeshea mwanangu mwenyewe!

Nikamwomba tajiri karai moja tu, nijaribu sabuni laini yenye majani ya mwarobaini. Akacheka. "Na ikiharibika, binti? Mafuta yangu utanirudishia weye?"

Ndipo afisa wa viwanda akaja kutueleza kwamba serikali itafidia nusu ya gharama kwa viwanda vidogo vitakavyojaribu kitu kipya, hata jaribio likishindwa. Tajiri alisikia neno fidia, mengine yakampita. Kesho yake tukamkuta ametia rangi ya kijani katika sabuni ile ile ya kufulia.

"Hii ndiyo mpya," akasema. "Ya watoto."

Damu ilinipanda. Sisi wapishi wa sabuni huijua kwa ulimi: unaigusa kidogo, ikichoma, basi kostiki, yale magadi makali, imezidi. Nikakata kipande nikamnyooshea.

"Ilambe, tajiri."

"Nini?"

"Si ya watoto? Basi ilambe weye mkubwa."

Mwenzangu wa Kaloleni, aliyekuwa akikoroga, alishindwa kujizuia. "Lamba bwana, rangi yenyewe kama ndimu!" Tulicheka wote isipokuwa yeye. Hakulamba.

Nilijua naweza kufukuzwa pale pale, na mume wangu alikuwa akipata kazi hotelini wageni wakiwapo tu. Lakini hasira haikuniuliza. Nikamwambia, "Kwa nini udanganye, na kushindwa kwa kweli kunalipwa?"

Akanisogezea karai tupu. Ni mtu wa hesabu, hilo lilimwingia.

Karai la kwanza liligeuka uji. La pili liliganda vizuri, kisha upepo wa chumvi ukaifanya sabuni itoke jasho rafuni mpaka ikalainika yote. Zamani moja tu kati ya hayo lingenitoa kazini. Sasa tajiri alisonya, akauliza, "La tatu utapunguza nini?" Mtu aliyekuwa akituhesabia hata njiti za kiberiti! Hapo nikaelewa fedha zile zilifanya nini. Hazikutupa akili, akili tulikuwa nayo. Zilimwondolea yeye woga wa kuharibu.

Nikapunguza kostiki, nikaikoroga kwa muda mrefu zaidi, nikaianika ndani mbali na upepo. Tajiri akaigusa kwa ulimi mwenyewe, akatema, akasema, "Haichomi." Jioni nikamwogesha mwanangu. Alipigapiga povu akicheka, nami nikalia kama mjinga.

Haukupita muda kina mama wa Mambrui wakawa wanaiulizia madukani. Kisha fidia ikakoma. Tajiri akatukusanya: "Basi, majaribio yamekwisha. Tupike inayouzika."

"Hii inayouzika ilikuwa uji," nikamwambia. "Ungeimwaga ile ya kwanza ukaacha, leo ungeuza nini?"

"Serikali hailipi tena, mama."

"Sabuni ya watoto inalipa. Toa humo."

Mwenzangu akaacha kukoroga. "Tajiri, mpe karai lake. Ukimnyima tutamsikiliza sisi mwezi mzima."

Alizunguka ua, akarudi. "Karai dogo. Likiharibika hasara ni ya kiwanda. Lakini usinilambishe kitu!"

Wiki hii napika sabuni ya nywele. Ya jana imeharibika, inanuka mpaka njiani. Tajiri amepita ameziba pua, ameagiza mafuta mengine.