Ukoo Usiokula Figo

Nilianza kumtafuta baba wa babu yangu kwa kufuata jina la ukoo, na hapo ndipo nilipokosea. Jina lenyewe alipewa na majirani aliowakuta Ubaruku, huku Usangu, alipofika na jembe lake na kufyeka pori ambalo leo ni majaruba yetu ya mpunga. Kwao Iringa hakuna aliyewahi kulisikia. Nilizunguka nalo miezi, nikimuuliza kila Mhehe niliyemkuta Mbeya mjini, hata fundi viatu wa mtaa wa Soweto.

Babu ndiye aliyenituma. Yuko Ubaruku mpaka leo, mtoto pekee wa yule mhamiaji, na hajawahi kumwona ndugu yeyote wa baba yake.

"Nataka nimwone hata mmoja," aliniambia, "magoti haya yakiwa bado yanapanda basi."

Sikusomea mambo haya. Nilijifunza kwenye simu namna ya kuchora mti wa ukoo, nikauchora kwenye karatasi ya manila, nikaurudia kwa sababu mstari mmoja ulipinda, nikaurudia tena kwa sababu wino ulivuja. Ukweli ni kwamba niliogopa kwenda Iringa na kurudi mikono mitupu. Karatasi isiyokamilika ilikuwa kisingizio kizuri.

Babu aliponikaripia ndipo nikapanda basi. Katika kijiji kimoja nje ya Iringa mjini, mwinjilisti alinipeleka kwa bibi mmoja anayesifika kwa kuzijua koo.

"Kamwene!" akanisalimu kwa Kihehe. Nikaitikia, na hapo hapo nikatandaza manila yangu uani, nikimweleza kwamba natafuta ndugu wa baba wa babu yangu aliyehamia Usangu. Kuku akapita juu yake.

"Kunja hiyo," bibi akasema. "Mgeni anaulizwa akiwa ameshiba."

Ukaletwa ugali na nyama ya mbuzi. Bibi mwenyewe akaniwekea figo, ile ya kumheshimu mgeni. Nikaanza kuisogeza pembeni ya sahani. Kwetu hatuli figo. Tangu utotoni tuliambiwa anayekula atadondoka meno. Siamini, lakini sijawahi kujaribu.

"Huli?"

"Samahani, bibi. Kwetu tumekatazwa, wote wa upande wa baba."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Hapa nani umemwona anakula? Hiyo ni chakula cha mwinjilisti! Nilikuwa nakupima tu."

Mwinjilisti alikuwa ameshanyoosha mkono. Bibi akanieleza kwamba mtu anaweza kuokota jina popote, lakini mwiko wa chakula anaurithi kwa baba yake na kwenda nao kokote.

"Ila msijione wa pekee, wasiokula figo ni wengi," akasema. "Huyo mzee wenu alifuata nini huko?"

"Alilima mpunga."

"Basi siye. Aliyepotelea Usangu ni mdogo wake baba yangu, na yule aliogopa maji kama paka."

Sasa nikacheka mimi. Nyumbani hadithi hiyo haichuji: baba wa babu alilima mpunga maisha yake yote, na kila mfereji alivushwa na mke wake, amefumba macho, kamshika mkono.

Bibi akajifuta machozi kwa kanga. "Mume wangu," akaniita, kama bibi anavyomwita mjukuu wake, "hebu mpigie huyo babu yako."

Nilipiga. Salamu zilikuwa fupi. Kilichofuata ni ugomvi wa nani mkubwa.

"Nilishaanza kuchunga mbuzi wewe ukinyonya!" bibi akamwambia.

"Umejuaje, na hujawahi kuniona?" Niliisikia sauti ya babu ikicheka kwenye simu.

Baada ya mavuno nilimpeleka Iringa na gunia la mchele. Siku hizi naenda huko bila kutumwa, na babu ana dada anayemgombeza kwa simu kila Jumapili.