Majani mu kengele ya mbwa

Kengele ya mbwa wa kuwinda, ya muti, ninachongaka mwenyewe. Muti gani, sisemi, nitamaliza karatasi. Mukienda mu pori munaijaza majani ili ulimi wake usigonge, nyama isisikie mbwa anakuja. Mukifika karibu, njo munaondoa majani.

Sasa, sisi tuko hapa Mpofi. Mujukuu wangu mukubwa alitoka Omate, kule baba yake anachimba, akarudi na surua: macho nyekundu, vipele mwili muzima. Tukamupeleka ku kituo cha afya. Mama munganga akamupa dawa, akasema mudogo wake, mwenye hajapata chanjo bado, naye adungwe palepale. Mama yao, bibi ya mutoto wangu, akamukumbatia mudogo, akakataa.

"Huyu hana hata joto. Sindano ya nini kwa muntu muzima?"

Hata mimi niliona yuko na haki.

Munganga hakukasirika. Akaeleza kama mwili wa muntu ni vyumba vidogo-vidogo, macho haiwezi kuviona. Virusi ikiingia mu kimoja, chumba kinapiga kelele, majirani wafunge milango. Mwili unapata joto. Lakini virusi ya surua ni mwizi mwerevu: inaziba kelele isitoke, tena inaziba majirani masikio. Inazaana kimya. Joto ikipanda, imeshaenea.

"Njo kusema inajaza majani mu kengele," nikamwambia.

Akauliza kengele gani. Nikaanza kueleza, nikafika hata ku mbwa wangu mweusi, yule alikuwa anaogopa mvua. Bibi ya mutoto wangu akanikata maneno.

"Papa, acha mbwa. Sindano inafanya nini mule ndani?"

Munganga akanigeukia mimi.

"Papa, mbwa mupya unamufundisha namna gani?"

Nikasema ninamunusisha ngozi ya nyama mbele ya kwenda.

"Basi ni vile: sindano inanusisha mwili surua dhaifu, yenye haina nguvu ya kuziba kelele. Mwili ukijua harufu, haungojei kengele. Lakini leo, Mama, si kesho. Pengine surua ya mukubwa wake imeshaingia, haijaenea bado."

Bibi ya mutoto wangu akakunja mukono wa shati ya mutoto.

Mukubwa alipona, ingawa kikohozi kilikawia. Mudogo, kisha kama juma moja, alipata joto. Mama yake akakimbia naye kwa munganga, akaambiwa ni chanjo inafanya kazi. Vipele havikutoka hata kimoja. Siku ile ya joto, mama yake alirudi akanikuta ninachonga, akanipa mutoto mikononi.

"Muguse, Papa. Kengele inalia."