Sululu wa Mida

Ninayokusimulia niliyaandika daftarini jioni ile ile, tope halijanikauka miguuni, kusudi kumbukumbu isipate nafasi ya kuyaremba. Mimi ni mwalimu wa Kiarabu mjini Malindi. Kazi yangu ni kusahihisha makosa ya watu, na sina mazoea ya kutia chumvi. Niamini basi, au usiniamini.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikienda Dabaso kupiga picha za ndege wanaojilisha kwenye tope la hori ya Mida maji yanapokupwa. Nilimtaka sululu, yule ndege wa rangi ya mchanga mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, nimpate akiruka, mbawa wazi. Naona haya kukueleza nilivyomtafuta. Nilikuwa nikipiga makofi. Kundi zima likashtuka na kuacha chakula, mimi nikabonyeza kamera. Wakitua, nikawapigia tena. Picha zote zilitoka na ukungu.

Alasiri moja ya bamvua, siku ambazo maji hupwa mbali mno na kurudi kwa nguvu, nilitembea hadi kwenye fungu la mchanga katikati ya hori. Nilichuchumaa, jicho kwenye kamera, nikifurahi kuona maji yanayojaa yakiwasukuma ndege karibu nami. Nililolisahau ni kwamba mkondo ulio nyuma ya fungu hutangulia kujaa. Nilipogeuka, njia niliyojia ilikuwa imekwisha kuwa maji ya shingo, yaendayo mbio. Nami kuogelea sijui. Je, ungalifanya nini? Nilianza dua niliyoihifadhi utotoni, na mimi, msahihishaji wa wengine, nikaikosea.

"Wewe ndiye mwalimu wa makofi?"

Mwanamke mtu mzima alisimama hatua chache kutoka kwangu, mwembamba, kajitanda kanga iliyofifia, miguu mirefu imezama topeni. Nilidhani ni mmoja wa waokota chaza.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Miguu yote hiyo umepewa ya kuchuchumalia tu? Haya, inuka, ukanyage ninapokanyaga. Na hilo jicho lako la kioo lifunike."

Nikalifunika, nikamfuata. Hakuelekea ufukweni, alielekea upande wa bahari, nisikothubutu kamwe, kisha akapinda, akapinda tena. Chini ya maji palikuwa na ukingo mgumu, mwembamba kama ukuta. Mimi maji yalinifika kiunoni. Yeye hayakumpita magoti.

Bila kugeuka akasema: "Tumetoka mbali, mwalimu. Tunakula ili tupate nguvu za kurudi. Kila ukitupigia makofi, tunaruka na njaa yetu."

Sikumwuliza yeye na nani. Nadhani nilikwisha jua. "Nisamehe, mama."

"Nisingalikuwa nimekusamehe, ningalikuacha nawe uruke," akasema, akacheka kicheko chembamba cha kupanda na kushuka.

Tulipofika kwenye mikoko nilishika tawi, nikainua macho. Mwanamke hakuwapo. Sululu mmoja alisimama majini. Akafungua mbawa taratibu, bila kushtuliwa na mtu, akanipitia juu ya kichwa, kila unyoya wazi katika mwanga wa jua la magharibi. Kamera ilikuwa kifuani pangu. Sikuigusa.

Karisa, mtunza daraja la mbao la mikokoni, alinivuta juu huku akinifokea. "Mwalimu, nimekuita mpaka sauti imenikauka!"

"Yule mama amepita wapi?"

"Mama yupi? Wewe ulikuwa ukimfuata ndege, hatua kwa hatua, kama mtu aliyeshikwa mkono. Nikasema, leo mwalimu karukwa na akili!"

Bado naenda Dabaso. Hukaa darajani, mikono mapajani. Ukutani kwangu hakuna picha ya sululu arukaye. Wageni wakiuliza, huwaambia nilimwona, na yanitosha. Kila msimu ndege wanapofunga safari kwenda kaskazini, huisoma ile dua, sasa bila kosa, nikiwaombea wafike salama na matumbo yao yameshiba.

Nawe ukienda Mida na kamera yako, geuka nyuma mara kwa mara, maana maji hayapigi hodi. Na mikono ikikuwasha kupiga makofi, ifumbate. Mimi walinijia. Sijui kama wewe watakujia.