Nadhira: Kutoka hina ya maharusi hadi mabomba ya bahari kuu

Saa mbili asubuhi, jua la Zinga, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, limeshaanza kuuma kwenye karakana ya mabomba. Nadhira Kombo amepiga magoti juu ya kipande cha boksi, ushungi ameuingiza ndani ya kofia ngumu ya njano, na anapaka dawa nyekundu kwenye mshono wa bomba, pale vyuma viwili vilipochomelewa pamoja. Ukimsalimia sasa hivi, atakuitikia kwa nyusi.

Bomba lenyewe ni dude hasa. Lina urefu wa mita zaidi ya ishirini, na mtu mwembamba anaweza kutambaa ndani yake. Baharini mabomba ya namna hii huunganishwa moja kwa jingine, yakateremka kutoka kwenye meli ya kuchimba gesi hadi chini kabisa ya bahari.

“Chukua fimbo uisimamishe Mto Ruvu, maji yakienda kasi,” anaeleza baada ya kumaliza kupaka. “Utaisikia inatetemeka mkononi. Maji yakishaipita yanajizungusha nyuma yake, mara upande huu, mara upande ule, yanaivuta huku na huku. Bomba nalo ni hivyo hivyo. Na mkondo wa bahari haupumziki.”

Mtetemo huo hauvunji bomba kwa siku moja. Huchosha chuma polepole, hadi mshono ukafanya ufa ambao jicho haliuoni. Mabomba huvishwa mapezi ya plastiki yaliyosokotwa kulizunguka bomba zima ili kuyavuruga maji, na mapezi hayo husaidia sana, ila hayamalizi tatizo. Ndiyo maana baada ya uchimbaji mabomba huletwa nchi kavu, kwa kina Nadhira, yakaguliwe kabla ya kurudi baharini.

Dawa nyekundu hupenya ndani ya ufa. Inafutwa juu, kisha inapuliziwa dawa nyeupe, na kama kuna ufa, wekundu hujitokeza. Kueleza ni rahisi. Kukaa juani kutwa bila kuruka hata inchi moja ya mshono ni shughuli nyingine, na wanaume wenye misuli yao wameijaribu wakaaga.

Nadhira, mwenye umri wa miaka 36, alizaliwa Dunda na kwa miaka mingi alijulikana kwa hina. Harusi ya maana mjini Bagamoyo ilimngoja yeye. Mahmoud, msimamizi wa ukaguzi katika karakana hii, alimwona siku alipomwoza binti yake.

“Alishika mkono wa bibi harusi tangu adhuhuri mpaka magharibi, na mstari haukutetereka,” anasema Mahmoud. “Nikamuuliza, mwanangu, unaogopa chuma? Akanijibu anaogopa ngazi tu.”

Mtaani yalisemwa mengi kuhusu mwanamke na mabomba. Mama yake, Bi Mwanajuma, hakujibizana na mtu. Alimnunulia kitambaa kigumu, akamshonea suruali pana ya kazi.

Lakini hina ilimponza pia. Mpakaji hina huiacha ikauke ndipo rangi ikolee. Miezi michache baada ya kuanza kazi, Nadhira alipaka mshono mmoja, akauacha mpaka dawa ikakauka kabisa. Dawa hii ikikauka hainyanyuki tena kutoka kwenye ufa. Alipopulizia nyeupe, ikabaki nyeupe tupu. Akasema bomba ni zima.

Mahmoud alilirudia bomba lile mwenyewe. Ufa ulijitokeza, mrefu kama kidole.

“Akaniuliza, uliacha ikauke? Nikamwambia ndiyo, kama hina. Karakana nzima wakacheka. Wakawa wanauliza bomba linaolewa lini,” anasimulia Nadhira. Yeye hakucheka. Mdogo wake wa kiume, Ridhiwani, ni kibarua wa sitaha kwenye meli iliyokuwa ikilisubiri bomba hilo.

Usiku ule alimwambia mama yake kwamba anaacha kazi. Bi Mwanajuma akamuuliza swali moja tu: “Ukitoka wewe, atakayemwangalizia mdogo wako ni nani?”

Akarudi. Tangu hapo dawa haijawahi kukauka mbele yake, na Mahmoud anasema hajapata mkaguzi wa kumfikia. Hata hivyo karatasi za ukaguzi bado husainiwa na Mahmoud, kwa sababu Nadhira ameahirisha mara mbili mtihani ambao ungempa ruhusa ya kusaini mwenyewe. Jina lake chini ya neno “zima” bado linampa hofu. Na Ridhiwani hakuwahi kuambiwa.

“Hili mtaliandika?” anauliza Nadhira. Anaambiwa kwamba uamuzi ni wake. “Andikeni. Ila mdogo wangu asilijue kwa kulisoma gazetini.”

Ridhiwani yuko likizo. Alasiri anafika na pikipiki kumchukua.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Zima hiyo pikipiki, nina neno.”

Anamweleza yote, hapo hapo getini, bila kujitetea. Ridhiwani anasikiliza huku ameinamisha kichwa.

“Mkondo ukikaza, mtetemo nausikia kwenye nyayo,” anasema hatimaye. “Kila nikiusikia nasema, dada kaangalia. Kumbe mwenzangu umebeba hili peke yako miaka yote hii?”

Nadhira anafuta machozi kwa mkono wa nguo.

“Ungekuwa hujali, ungelisahau,” anaendelea Ridhiwani. “Mimi sitaki saini ya mtu mwingine pale chini. Nataka nisimame juu ya yako.”

Nadhira anamtazama. Kisha anageuka na kupaza sauti, mpaka wachomeleaji wanainua vichwa.

“Mzee Mahmoud! Mtihani wa Novemba, niandikishe!”