Mzinga Usiotundikwa

Mwaka 1973 karatasi ya majibu ya kompyuta ilirudi Tabora kwa treni ya kutoka Dar es Salaam kwa mara ya pili, na kosa lilikuwa lilelile. Luhende aliisoma amesimama. Kompyuta ya huko ilikuwa inasema kwamba kitu alichokiita hakipo.

"Hakipo vipi, na mimi nimekiita kwa jina?"

Luhende alikuwa karani wa chama cha warina asali. Shule aliiacha darasa la nne. Kuandika programu alijifundisha kwa kitabu alichoachiwa na mgeni kutoka Norwe. Programu yake ilipokea habari za kila pipa la asali kutoka Sikonge, lakini hesabu ya kiasi cha maji ndani ya asali haikuwa yake. Kazi hiyo, PIMA, ilikuwa ndani ya klasi, yaani kipande cha programu, aliyoiandika Bertila, binti wa meza ya pili. Luhende alitakiwa kuiita tu, aipe namba za pipa, apokee jibu. Mna nini humo, hakuambiwa. Fomu alizoiandikia Bertila zilifungiwa kwenye mtoto wa meza, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Asiye na jambo hafungi, aliwaza Luhende. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, na alijua kilichomo ndani ya kila furushi alilojitwika. Leo mtu mzima anaambiwa aamini asichokiona.

Na meneja, Bwana Masolwa, alishasema: kosa la tatu, Luhende anarudi kwenye mizani Sikonge. Treni ya kupeleka fomu Dar es Salaam ilikuwa inaondoka saa kumi.

"Bi Bertila, fungua huo mtoto wa meza."

"Shikamoo kwanza, Mzee Luhende."

"Marahaba. Fungua."

"Baba yako alikuwa mrina. Aliwahi kufungua mzinga wenye alama ya mwenzake?"

Hakuwahi, Luhende alijua. Enzi zile mzinga ulining'inia juu ya njia miaka na miaka, na alama tu ilitosha kuwa mlinzi. Sasa warina wamehamishiwa vijiji vipya, na mizinga imebaki porini kama yatima.

"Lete fomu yako wewe," alisema Bertila. Akaipitia kwa kidole, kisha akacheka. "Mzee, klasi yangu ni mchoro wa mzinga tu. Mzinga wenyewe umeutundika wapi?"

"Jina lake hili hapa, nimeliandika."

"Jina, ndiyo. Lakini hukuamuru utengenezwe hata mmoja. Nyuki wataingia kwenye jina?"

"Mzee anarina karatasi!" alidakia Abasi, tarishi, kutoka mlangoni.

Luhende aliongeza mstari mmoja: kitengenezwe kipimaji kutokana na klasi ya Bertila, kiitwe K. Chini yake akamwagiza huyo K afanye PIMA. Kisha akasita. Kwa nini amenisaidia, na nikiondoka meza yangu ya dirishani ni yake? Akaulinganisha mstari ule na kitabu mara tatu, ndipo akakimbilia stesheni.

Baada ya wiki karatasi ilirudi haina kosa. Pipa la saba, ilisema, lina maji mno.

"Utabaki," alisema Masolwa.

 Luhende alikwenda ghalani, akafungua pipa la saba, akachovya kidole na kulamba. Asali ilikuwa nyepesi kama togwa.

"Haya, hili Bertila amepatia," alinong'ona, akafungua la nane.