Sauti Nne za Kassimu

Kassimu wa mtaa wa Musinzira alipiga kinanda kwenye harusi za Gitega kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumwona akitazama vidole vyake. Alitazama watu, akawapigia jinsi miguu yao ilivyotaka. Kisha Jumanne moja asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za kiatu, mkono wa kushoto ukakataa. Ukamlalia pajani kama wa mtu mwingine. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Mguu ulirudi baada ya miezi, ulimi nao ukarudi ingawa mzito kidogo, lakini mkono haukurudi. Kinanda wakakichukua watu wa kwaya moja ya Gishubi.

Mkewe Riziki alikuwa mshonaji. Kutwa nzima cherehani ilinguruma upande mmoja wa chumba, na upande wa pili Kassimu alipiga pasi nguo za wateja kwa mkono mmoja. Majirani walimsifu kwa subira. Yeye hakuiita subira. Aliamka amechoka, akala amechoka, akasikia muziki wa harusi kutoka mtaa wa pili akageuzia uso ukutani.

Alikuwa akipiga pasi sketi ya shule simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Godfrey, mwalimu wa kompyuta huko Muyinga, mtu aliyekulia kambini Tanzania na kurudi nyumbani akiwa na Kiswahili cha huko.

"Shikamoo, mzee Kassimu. Ulipiga kwenye harusi yangu, ile siku ya mvua ya mawe."

"Marahaba. Nakumbuka. Alors, mwalimu, kuna harusi ingine?"

"Hapana, mzee. Natengeneza gemu. Nataka unipigie muziki wake."

Riziki aliondoa mguu kwenye cherehani. "Umwambie kama hupigi tena, Baba Latifa. Asingoje bure."

"Mi sipigi tena, mwalimu," Kassimu akasema. "Mkono moja imekufa."

Godfrey akasema polepole, "Pole sana, mzee. Sikuwa na habari. Lakini muziki huu haupigwi kwa mikono. Unaandikwa."

Wiki mbili baadaye Godfrey alifika Musinzira na kompyuta kuukuu ndani ya mfuko wa unga. Akaeleza. Kambini, mtu mmoja alikuwa na mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti, na watoto walipanga mstari kuitazama tu. Ukubwani Godfrey aliiona nyingine kama ile mpakani Kobero, kwa dereva wa lori, akainunua. Sasa alikuwa akiitungia gemu mpya kabisa: mpagazi wa Kobero anavuka mpaka na gunia kichwani, akiruka madimbwi na matairi. Mashine ile ilikuwa na sauti nne tu tumboni. Mbili kali kama filimbi. Ya tatu nene, ya chini. Ya nne haikuwa noti, ilikuwa mchakacho, kama mchele unaopepetwa. Hiyo ndiyo ngoma. Na kila sauti ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja.

"Kumbe ni watu wane," Kassimu akasema, "kila mtu na kidole yake moja."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Mi iko na tano."

Godfrey hakujua kama acheke. Riziki ndiye aliyecheka.

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko pasi. Kwenye kioo cha kompyuta noti zilikuwa herufi na tarakimu, zikishuka mistari minne kama mvua ya pole, na kila moja ilitaka kubonyezwa peke yake. Jambo ambalo zamani vidole vyake kumi vingelimaliza kwa pumzi moja sasa lilimlia asubuhi nzima. Akitaka noti tatu zisikike pamoja, ilibidi azipokezanishe kwenye sauti moja, haraka haraka, hadi sikio lidanganyike. Hilo peke yake lilimchukua mwezi. Halafu wimbo wenyewe ulitakiwa uwe wa sekunde arobaini, ujirudie bila kumchosha mchezaji. Kassimu aliwahi kupiga saa tano bila kurudia kitu. Sekunde arobaini zilimshinda.

"Baba Latifa," Riziki akamwambia siku moja, "hii wimbo yako imeniingia mpaka kwenye sindano. Leo nimeshona kola mbili kwa shati moja."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Nimeichoka tu."

Akaufuta. Akaandika mwingine. Umeme ulipokatika kabla hajahifadhi, aliandika tena, na mara nyingine alikaa tu mbele ya kioo cheusi, mkono mzima ukiwa juu ya ule uliokufa. Nyimbo sita zikapatikana, lakini mwaka na miezi miwili ulikuwa umepita.

Godfrey akamwita Muyinga ili azisikie kwenye mashine yenyewe. Siku hizo mafuta yalikuwa ya shida na gari zilikuwa chache. Kassimu alikaa kituoni tangu alfajiri, akafika kwa Godfrey baada ya alasiri, mguu umevimba. Anisia, mke wa Godfrey, alimwekea maji ya moto na chumvi. Hivyo ndivyo alivyozisikia nyimbo zake mara ya kwanza, mguu ndani ya beseni, mbele ya televisheni ya chogo.

Godfrey alishika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaanza kucheza. Wimbo ukatoka vizuri, mkali zaidi kuliko kwenye kompyuta. Kisha mpagazi akaruka dimbwi, na wimbo ukakatika. Akaruka tairi, ukakatika tena. Anisia, aliyekuwa akichambua maharage, ndiye aliyesema.

"Kila akiruka, anameza wimbo."

Godfrey akashusha maneti. Uso ulimwiva kwa aibu. Mlio wa kuruka nao ulihitaji sauti, na yeye alikuwa ameupa ileile sauti ya pili ambamo Kassimu aliweka nyimbo zote. Hakuwahi kumwambia. Nafasi ya kuuhamishia haikuwepo.

"Ni kosa langu, mzee. Nisamehe."

Kassimu alitoa mguu majini, akaufuta, akaomba aonyeshwe pa kulala ingawa jua lilikuwa bado juu. Asubuhi akamwambia Godfrey, "Mwalimu, mi nachoka. Tafuta mtu mwenye mikono mbili."

"Sitafuti mtu," Godfrey akasema. "Nikikosa muziki wako, mpagazi atatembea kimya."

Gari la Gitega halikuwepo siku hiyo, wala kesho yake. Hivyo Kassimu alikaa kwenye baraza la watu wengine bila la kufanya, na mtu aliyezoea kazi hawezi kukaa hivyo. Siku ya pili akafungua kompyuta. Akafikiri: sauti ya tatu, ile nene, haimezwi na mruko wowote. Nguvu yake haipandi wala haishuki. Ama ipo ama haipo. Alikuwa ameifanya mtumishi wa wengine muda wote. Akahamishia nyimbo huko chini, noti moja moja, kama mzee anayejiimbia akilima. Ile ya pili akaiachia majibu mafupi tu, ambayo yakimezwa hakuna atakayeyalilia. Siku nne. Shingo ilikakamaa, jicho likatoa machozi. Anisia alimletea uji bila kumsemesha.

Jumamosi mchana Godfrey aliwaalika wapagazi watatu wa Kobero nyumbani, kwa kuwa gemu lilikuwa lao. Kassimu akaketi pembeni, mgongo ukutani. Walicheza kwa vicheko, wakatumbukia madimbwini, wakatukanana kirafiki. Muziki hakuna aliyeutaja. Akafumba macho.

Zamu ikamfika Matata, mwanamume wa makamo mwenye shingo nene. Alimfikisha mpagazi wake kwenye lango la forodha, penye wimbo wa polepole kuliko zote sita. Hapo akamsimamisha, akaweka maneti mapajani.

"Ruka basi! Unangoja nini?" wenzake wakapiga kelele.

"Mumuache," Matata akasema. "Huyu amebeba tangu asubuhi. Asikilize kidogo."

Mpagazi akasimama kiooni na gunia lake, na sekunde arobaini zikapita, zikarudi, zikapita tena. Kassimu alifumbua macho, akamtazama Matata mpaka mwisho.

Wageni walipoondoka Godfrey alianza kuzungumzia sehemu ya pili ya gemu. "Oya, mwalimu," Kassimu akamkata. "Si leo." Akampigia mkewe simu.

"Walisema nini?" Riziki akauliza.

"Hakuna mtu alisema kitu. Mmoja alisimama."

"Alisimama tu?"

"Alisimama tu," Kassimu akasema. "Nikipata gari, nakuja Jumatatu."