Vifurushi Viwili na Jani la Sale

Baba yangu alizaliwa Kilema, mama yangu Rombo, karibu na Tarakea. Walipata wana wawili, kaka yangu na mimi. Sikusoma, mjukuu wangu, andika kama ninavyotamka, usinirembeshee.

Mwezi uliopita ulikuja na kompyuta yako, peke yako, maana tangu mkosane, dada yako wa Soweto, pale mjini, haji siku unazokuja wewe. Ulikuwa ukitengeneza tovuti ya wafugaji wetu wa maziwa, nayo ikakataa kuwaka. Ukanieleza kwamba kazi umeigawa katika vifurushi viwili ndani ya kompyuta. Cha wafugaji hakianzi mpaka kipate hesabu ya lita kutoka cha maziwa; cha maziwa hakianzi mpaka kipate majina kutoka cha wafugaji.

Nikauliza chenye kosa ni kipi.

"Hakuna, Babu. Kila kimoja kinangoja kingine kianze."

Nikakuamuru unyamaze. Ulidhani nimekasirika.

Kaka yangu na mimi tuligombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba la baba yetu: yeye aliusogeza, mimi nikamtukana. Kwetu anayeomba msamaha hupeleka jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani, na anayepelekewa haruhusiwi kukataa. Nilikuwa tayari kulipeleka, ila kwanza arudishe mpaka. Naye, mkewe aliniambia baada ya kumzika, alikuwa tayari kuurudisha, ila kwanza nipeleke jani. Miaka ikaisha hivyo, nyumba zetu zikitazamana. Nililiweka jani juu ya kaburi lake. Kaburi halijibu.

Ulipomaliza kunywa chai ulitoa katika vile viwili yale yote ambayo kila kimoja kilikuwa kikiyadai kwa kingine, majina na lita, ukayaweka katika kifurushi cha tatu, kidogo, kisichodai kitu kwa yeyote. Viwili vikachukua humo, na tovuti ikawaka. Ulicheka. Mimi nilimkumbuka shangazi yetu, ambaye siku zile alikuwa hai na akili zake timamu. Tungemkabidhi yeye jani na mpaka, kila mmoja akachukue chake kwake. Hatukumwendea.

Sasa tunza haya. Kifurushi cha tatu kibaki kidogo. Siku kitakapotaka kuomba chochote kwa vile viwili, kikatalie, la sivyo umerudi ulikotoka. Masale ya mpakani usiyang'oe. Nami ningali hai, kwa hiyo dada yako usimngoje aanze: chuma jani moja, uniachie mimi hapa. Yeye nimekwisha kumwita.